Kanyaga, Shikilia

Kwanza nilicheka. Ndivyo nilivyo mimi, jambo likinishtua mdomo hucheka, halafu akili ndiyo hufuata nyuma ikihema. Nilikuwa nimeshika mpira mdogo wa klachi, ule unaokaa ndani ya silinda, najaribu kuurudisha pale ulipotoka, na haukutaka kuingia. Ulikuwa umevimba. Ukiubonyeza kwa kucha unabonyea kama mkate uliolowa.

"Baba," niliita, "hebu ona kituko hiki."

Baba yangu hawezi kuinama siku hizi, mgongo umemkatalia. Hushinda mlangoni mwa gereji, juu ya kiti cha gari kuukuu tulichokiunganishia miguu ya chuma, na kazi yake ni kuamuru na kulalamika. Nikampelekea ule mpira. Akaubonyeza. Akaunusa. Akajifuta kidole kwenye suruali, akaunusa tena, na safari hii hakulalamika. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Umetoka wapi huu?"

"Kwenye gari la Miwani. Ile silinda ya chini niliyobadilisha jana."

"Mafuta ya breki hayauvimbishi mpira hivi, Spana."

"Najua, baba."

"Mtu kamimina mafuta mengine humo." Akaninyanyulia macho. "Gari liko wapi sasa?"

Nikaanza kuitafuta simu yangu.

Miwani ndiye mwanamume ninayempenda, niseme mapema ili tusisumbuane. Wanamwita hivyo kwa sababu ni fundi wa miwani, kama mimi fundi wa magari ninavyoitwa Spana, na ana kiduka chake cha kukata vioo na kunyoosha fremu. Aliachiwa na marehemu baba yake gari la spoti, jekundu, milango miwili, la zamani kuliko sisi wote wawili. Gari hilo ndilo lililotukutanisha. Lilikuwa likiharibika kila mara, na yeye akilileta kila mara, mpaka Baba akaanza kuuliza kama gari ndilo linaloharibika au kijana.

Jana lilikuja na ugonjwa mpya. Pedali ya klachi ilikuwa inazama, gia zinasaga meno. Nikaingia chini, nikakuta silinda ya chini inavuja. Ukikanyaga klachi kwenye gari lile, silinda ya juu husukuma mafuta, mafuta hupita kwenye bomba, na ile ya chini ndiyo hupokea na kuisukuma klachi. Mafuta yakivuja, unakanyaga hewa. Basi nikafunga silinda nyingine, nikajaza mafuta mapya, Miwani akanikanyagia pedali huku mimi natoa hewa. Gia zikaingia vizuri, akanibusu kipaji cha uso kilichojaa grisi, akaondoka. Ile silinda ya zamani nikaiweka kwenye beseni niifungue asubuhi. Baba hakubali kipuri kitupwe kabla hakijafunguliwa na kusemwa kilikufa kwa nini.

Sasa nilijua kilikufa kwa nini. Na nilijua kitu kingine kibaya zaidi. Gari lile lina chupa moja tu ya mafuta, inayolisha klachi na inayolisha breki. Mafuta yaliyouvimbisha mpira huu yalikuwa yamekaa kwenye mipira ya breki pia, yanaila polepole. Na asubuhi hiyo Miwani alikuwa anakwenda kwa baba yake mdogo. Baba yake mdogo anaishi chini ya mteremko mkali kuliko yote tunayoijua sisi, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu.

Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

"Hapokei?" Baba aliuliza.

"Akiendesha hapokei. Mimi ndiye niliyemkataza."

"Labda hajaondoka. Kimbia kwao."

"Kwao, baba? Kwa Bi Mkasi?"

"Kwani kuna kwao kwingine? Kimbia, mtoto!"

Sikuwa nimewahi kukanyaga nyumba ile. Bi Mkasi, mama yake Miwani, ni mshonaji, na jina hilo alipewa na wateja, nusu kwa ajili ya kazi na nusu kwa ajili ya ulimi. Alikwisha kusema mbele za watu kwamba mwanawe hatamuoa mwanamke anayelala chini ya magari. Nikikutana naye njiani namwamkia, naye hujibu "marahaba" huku anatazama viatu vyangu. Ndiyo maana Miwani alikuwa anakwenda kwa baba yake mdogo. Alitaka amwombe mzee huyo asimamie posa, kwa kuwa mama alikataa katakata.

Nilifika ninahema. Mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa wazi. Uwanjani banda la gari lilikuwa wazi pia, tupu.

Nikapiga simu tena palepale mlangoni, na simu ikaita ndani ya chumba.

Ilikuwa juu ya meza, kati ya chaki na utepe wa kupimia. Bi Mkasi alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake ya miguu, ameshika shati la mtu, ananiangalia.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Imelia mpaka kichwa kinauma. Imeandika 'Fundi Wangu'. Nikadhani fundi wake ni mimi."

"Shikamoo, mama. Ameondoka saa ngapi?"

"Marahaba. Kwani hukumtuma wewe? Ameondoka na jua. Ameenda kunishtaki."

"Mama, lile gari..."

"Lile gari nalijua kabla hujazaliwa. Lilinilia mume. Kila Jumamosi yake ilikuwa ya gari, mimi na mtoto tunatazama miguu yake tu, inatokeza chini ya boneti. Sasa linataka mwanangu, na limekuja na wewe juu yake."

Siku nyingine ningemjibu, maana mimi nami sikuumbwa bila ulimi. Lakini macho yangu yalikuwa yameona kikopo chembamba chenye mdomo mrefu, pembeni ya cherehani. Harufu yake niliifahamu. Nilikuwa nimeisikia muda mfupi tu uliopita kwenye ule mpira.

"Mama," nilisema polepole, "ndani ya boneti kuna chupa ndogo, ina kifuniko cheusi. Umewahi kuigusa?"

Akakunja shati. Akalikunjua.

"Mama, tafadhali."

"Marehemu alikuwa haachi kuiangalia. Alikuwa ananiambia, hii ikishuka chini ya mstari ujue gari lina kiu. Huyu kijana wake haangalii kitu, anajua vioo tu. Nikaona imeshuka, nikaongeza. Kosa liko wapi?"

"Umeongeza mafuta gani?"

Alitazama kile kikopo.

"Ni mafuta safi," akasema. "Hayana hata uchafu. Ndiyo ninayotia kwenye cherehani, kwenye bawaba za mlango, kwenye feni, kila kitu humu ndani kinakwenda kwa mafuta hayo. Nimemsomesha mtoto kwa mafuta hayo."

"Mara ngapi, mama?"

"Kila nikiona imepungua. Na alfajiri hii niliongeza tena kidogo. Si anakwenda mbali?"

Hapo moyo ulinivunjika, sitaficha. Mama huyu aligombana na mwanawe usiku mzima kwa sababu yangu, halafu akaamka kabla yake, akaenda bandani kwa siri, akamjazia chupa asipate shida njiani.

"Mama, yale mafuta yanavimbisha mipira. Klachi ilikufa jana kwa sababu hiyo. Na chupa ile ndiyo ya breki."

"Ya breki?"

"Ni hiyohiyo moja."

Nilingoja anipigie kelele. Hakupiga. Alisimama, utepe ukaanguka, akaanza kutafuta viatu chini ya meza kwa mikono iliyokuwa haioni. Alipotoka nje alikuwa amevaa kandambili za rangi mbili tofauti, na mguu mmoja ni wa mwanawe.

Tulipofika gereji Baba alikwisha kulitoa pikapu mpaka barabarani, sijui kwa mgongo upi. Akanirushia ufunguo. Alipomwona Bi Mkasi anapanda upande wa pili alimfungia mlango kwa nje, maana ule mlango haufungiki kwa ndani.

Nikaendesha. Nimeendesha magari mabovu maisha yangu yote, lakini siku ile mikono ilikuwa si yangu. Kila kona niliyopinda niliogopa kuona watu wamekusanyika. Niliogopa kuona rangi nyekundu mahali isipostahili kuwa.

"Ongeza mwendo," Bi Mkasi alisema.

"Hili ndilo lote lililonalo, mama."

"Wewe si fundi? Mbona gari lako halina mwendo?"

"Magari ya mafundi ndivyo yalivyo."

Kwa kawaida mtu angecheka hapo. Bi Mkasi alikuwa amelishika dashibodi kwa vidole vyake vyote kumi, vyenye sugu za mkasi.

"Breki zikifa," aliuliza, "zinakufa ghafla?"

"Inategemea."

"Usinidanganye kama mtoto."

"Zinaanza kuzama. Unakanyaga, inashuka zaidi ya jana. Mwingine anaona, anasimama. Mwingine anajipa moyo, anasema nitafika tu."

"Mwanangu ni yupi?"

Miwani ninayemjua ni mtu wa kujipa moyo. Angekuwa si mtu wa kujipa moyo asingenipenda mimi, na mama kama yule.

"Mama, tutamkuta," nilisema.

Akageuza uso dirishani. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo, sikuamini kwamba ni yake.

"Jana usiku nilimwambia, ukienda kwa baba yako mdogo usirudi. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu. Usirudi kwangu."

"Hasira, mama."

"Nilimwambia asirudi, wewe binti."

Nikataka kumshika mkono nikaogopa. Mkono wangu ulikuwa bado na grisi.

Nyumba zikaisha, barabara ikaanza kupanda. Juu kabisa, kabla ya kuteremka, pana kibanda cha kuziba pancha na uwanja mdogo wa vumbi ambapo malori husimama kupoza injini. Tulipotokeza pale nililiona. Jekundu. Zima. Nilivuta pumzi ya kwanza tangu gereji, na Bi Mkasi akasema "Alhamdulillahi, ahsante Mungu wangu," akaanza kulia.

Halafu nikaona kwamba linatembea.

Wanaume wanne walikuwa nyuma yake wanalisukuma, wanapiga kelele za furaha, na Miwani alikuwa ndani ameshika usukani, mlango mmoja wazi, anacheka nao. Nilielewa mara moja. Klachi ilikuwa imegoma tena, gari limemzimikia pale, na watu wema wamempa ushauri wa watu wema. Acha gia huru, tukusukume mpaka pale chini panapoanza, likishika mwendo utachomeka ya pili, litawaka lenyewe. Mteremko utakusaidia.

"Wanalipeleka wapi?" Bi Mkasi aliuliza. "Wanalipeleka wapi, jamani?"

Nikapiga honi. Honi ya pikapu lile ilikufa zamani, ilitoa sauti ya kikohozi. Nikatoa kichwa dirishani nikapiga ukelele, na wale wanaume wakanipungia mkono, wakasukuma kwa nguvu zaidi. Mmoja wao aliachia, kisha wa pili. Gari lilikuwa halihitaji tena kusukumwa.

"Mama, shika!"

"Nimeshika! Nenda!"

Nikapita kando yake upande wa bondeni, matairi yakirusha kokoto kule ambako hakuna kitu. Niliuona uso wa Miwani, bado una kicheko, unaanza kushangaa. Nikakata usukani nikalilaza pikapu mbele ya pua yake, nikavuta hendibreki, nikafumba macho.

Pigo halikuwa kubwa. Lilikuwa kishindo kimoja cha bati, mlango wangu ukaingia ndani kidogo, pikapu likasogea, likasogea tena, likasimama. Vumbi likatupita. Nilipofumbua macho, Miwani alikuwa karibu nami, boneti na kioo chake cha mbele tu kati yetu, na alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama barabara ng'ambo ya pikapu, inavyoanguka na kupotea kwenye kona.

Nilitokea dirishani, maana mlango ulikataa. Nikamfungua mkanda. Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali ya breki, na pedali ilikuwa imelala sakafuni.

"Nimekanyaga," aliniambia. "Spana, nimekanyaga. Imeenda mpaka chini."

"Najua."

"Tangu kule nyuma ilikuwa inazama kidogo kidogo. Nikasema nikirudi nitakwambia."

"Nyamaza, Miwani. Nyamaza, mpenzi wangu." Nilikuwa namshika uso, shingo, mabega, natafuta palipovunjika. Hapakuwa na palipovunjika. Nikampiga kofi la bega, nikamkumbatia, nikalia kwa sauti mbele ya wanaume wanne nisiowajua.

Bi Mkasi alifunguliwa mlango na mmoja wao. Alikuja kandambili moja mguuni, nyingine imebaki kwenye gari. Nilijitoa, nikarudi nyuma, maana ni mama. Alisimama mbele ya mwanawe kama mtu aliyesahau alichojia.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemimina."

"Umemimina nini, mama?"

"Mafuta ya cherehani. Kwenye ile chupa ya baba yako. Nilitaka ufike salama."

Miwani alimtazama mama yake, akanitazama mimi, nikaitikia kwa kichwa. Nilimwona anaelewa, na niliogopa atakachosema, kwa sababu lipo neno ambalo mtu angeweza kulisema pale na mama yule asingeinuka tena.

"Kumbe ulikuwa unalitunza," alisema. "Miaka yote unalitukana, kumbe unalitunza."

Bi Mkasi aliziba mdomo kwa upande wa kanga. Mwanawe akamvuta kifuani, naye akasema mara nyingi, bila kuchoka, "Rudi. Rudi nyumbani, mwanangu. Yale ya jana nilisema tu, rudi." Kisha akageuka, akaniona nimesimama na mkono wa ovaroli umechanika.

"Wewe," alisema, "umeumia?"

Lilikuwa swali la kwanza alilowahi kuniuliza lisilohusu viatu vyangu.

Tulilivuta gari mpaka gereji. Nilitoa kila mpira uliogusana na yale mafuta, wa klachi na wa breki, juu na chini, mabomba nikayaosha mpaka yakatoa harufu ya hospitali. Mipira mipya ilipopatikana nikafunga kila kitu. Ikabaki kutoa hewa, na kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja chini ya gari na mmoja kwenye pedali. Miwani alijaribu. Mguu wake ukifika kwenye breki ile anaachia kabla sijasema, hewa inarudi. Sikumlaumu, mimi mwenyewe nilikuwa naamka na jasho.

"Toka hapo," Bi Mkasi alimwambia. Siku hizo alikuwa anakuja gereji kila asubuhi, anakaa karibu na Baba, wanalalamika pamoja. "Nimekanyaga cherehani tangu sijaolewa. Mguu huu haujawahi kuruka mshono."

Akaingia, akakaa kwenye kiti ambacho mumewe hakumpisha hata siku moja. Nikalala chini na spana yangu. Kutoka pale nilikuwa naona kisigino chake tu.

"Kanyaga, mama."

Akakanyaga.

"Shikilia."

Nikalegeza kibubu, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa, mafuta yakatoka na mapovu, nikakaza.

"Achia. Tena. Kanyaga. Shikilia."

Mguu ulikuwa kweli wa mshonaji, hauharakishi wala hauchelewi. Tukaenda hivyo gurudumu kwa gurudumu, na mapovu yakapungua. Tulipofika la mwisho alizungumza, sauti inapita kwenye sakafu ya gari.

"Nimemwita shemeji yangu. Baba yake mdogo. Anakuja kuonana na baba yako."

Spana ilinitoka mkononi ikaanguka kifuani pangu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi usinijibu kwa kunyamaza. Na gauni ni mimi nitakayeshona, usije ukanipelekea kwa mtu. Ila mikono utanawa siku hiyo."

"Nitanawa."

"Hii nimeshikilia. Fanya kazi yako."

Nikalegeza. Mafuta yakatoka meupe, safi, hayana hata povu moja. Nikakaza vizuri. Nikalala pale nikitazama kisigino kile, machozi yananiingia masikioni.

"Binti, mguu unakufa ganzi."

"Achia, mama."

"Siachii. Sema kwanza kama imeshika."

Nikashika bomba, nikashika kibubu, nikapitisha kidole kila mahali palipoweza kuvuja. Pakavu.

"Imeshika, mama."

"Una hakika? Ni mwanangu huyu."

"Ni wangu pia. Imeshika."

Ndipo akaachia.